Chungu Kidogo Kilichofungwa Kamba

Xiaobei, Guangzhou

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na nyingine hii ya akiba, maana ya kwanza najua imekukuta bado unaitafuta miwani nayo iko kichwani.

Hapo nyumbani mnaendeleaje? Goti linasemaje na baridi ya asubuhi? Deusi aliniambia mnyauko umeingia hadi kwenye migomba ya nyuma ya zizi. Tafadhali mwambie asikate mgomba mgonjwa na mgomba mzima kwa panga lile lile, hata kama ana haraka. Na yule ng'ombe wa mabaka amezaa, au bado anawazungusha? Mimi ni mzima wa afya. Nilishikwa na mafua mwezi uliopita, nikanywa tangawizi mpaka nikaanza kunuka tangawizi, yakaisha.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Mama, najua unavyosikiliza ujumbe wa sauti: simu juu ya meza, sauti hadi mwisho, na jirani yetu Mama Jasinta ameshakaa na kikombe chake mkononi. Haya ninayokuandikia si ya Mama Jasinta. Ndiyo maana nimempa bahasha dada mmoja wa Mwanza, Happy, aliyekuja huku kununua viatu, ataikabidhi kwa Deusi akifika. Isome peke yako kwanza. Hakuna aliyekufa wala mgonjwa, usishike kifua.

Kazi inakwenda. Kila asubuhi niko Shisanhang, kule kwenye nguo za jumla, nachagua magauni na blauzi za wenye maduka wa Mwanza na Kariakoo. Wananitumia picha na maneno ya kunitia wazimu, "nataka kama hii ila isiwe hii," nami napanda ghorofa na kushuka mpaka niipate. Wenye maduka huku tunawaita laoban, yaani bosi. Yupo laoban mmoja wa blauzi, mama mtu mzima mwenye miguu mibovu kama ya kwako, tunagombana kila wiki. Nikitaja bei yangu anapiga kelele "mei you, mei you," hakuna, hakuna. Nikigeuza mgongo ananivuta mkono na kunipa kiti. Mvua nazo zimeanza, zile za huku zinazolowanisha mpaka shuka iliyo kabatini.

Kinachonishinda ni Jumapili. Siku nyingine zote natembea, nabeba, nabishana, sipati nafasi ya kuwaza. Jumapili nikitoka kusali ndipo nyumbani kunanijia kooni. Chumba nakaa na Njeri, Mkenya wa Nakuru anayesafirisha simu na vifaa vyake, na yeye ameshaijua hali hiyo. Ameamua dawa yangu ni mume.

Usicheke. Au cheka, maana na wewe ndio wimbo wako.

Basi Jumapili moja Njeri akaniambia, "Leo hatukai kwa nyumba. Kuna msee wa kwenu kabisa, Mhaya, anasoma PhD ya mambo ya maji. Mpole, hana bibi, na anapika ndizi. Wewe vaa poa, hiyo ingine niachie." Nikajifanya sitaki. Lakini kwa kuwa wewe ni mama yangu nitakuambia ukweli: ile blauzi niliipiga pasi mara mbili.

Anaitwa Elisha. Anakaa na wanafunzi wenzake watatu, mmoja wa Tanga na wawili wa Songea, katika nyumba ya kupanga si mbali na mtaa wa Dengfeng. Tulipofika, jikoni moshi mtupu na harufu ya ndizi, nikasikia machozi yakinilenga kwa ajili ya ndizi tu. Ni mrefu, ana sauti ya chini, alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama aproni wala haoni haya. Aliposikia natoka Muleba akasema, "Waitu, karibu nyumbani," akanipa upawa nionje chumvi.

Juu ya jiko palikuwa na sufuria mbili. Moja kubwa, ya ndizi na utumbo, kwa sababu utumbo wa ng'ombe huku umejaa kila kona, wanauchemsha na figili na kuuza barabarani. Nyingine ndogo, pembeni. Mkono wa mfuniko wa ile ndogo ulikuwa umefungwa kamba nyekundu, ile ya plastiki tunayofungia marobota, imezungushwa na kupigwa fundo.

Mama, nikasogea karibu na jiko. Nilikuwa sijawahi kuona kitu hicho kwa macho yangu, lakini nilikijua. Nilikijua kutoka mdomoni kwako.

Unakumbuka ulinisimulia mara moja tu, mwaka ule Baba alipofariki, tukiwa tunamenya ndizi za msiba. Kwamba kwa katekista, yaani kwa babu yako aliyekulea, kila walipopika utumbo Bibi, mama yako mzazi, alikuinjikia chungu chako kidogo kando, akakifunga mfuniko kwa kamba ya mgomba ili mtu asije akakosea upawa. Binamu zako wakila pamoja kwenye jani moja, na Bibi mwenyewe akila utumbo nao, wewe ukikaa peke yako na kichungu chako. Wakakiita chungu cha mwanaharamu. Na siku ulipopenyeza mkono kwenye chungu kikubwa, Bibi alikupiga kofi, akakutemesha, akakusukutua mdomo kwa maji mbele ya watu wote. Ukaniambia, "Siku hiyo ndipo nilipojua mama yangu ananionea aibu." Halafu ukaendelea kumenya ndizi. Nami nilipokuuliza baba yako alikuwa nani, ukanijibu, "Usinitafutie mtu ambaye hakunitafuta."

Nimelishika neno hilo miaka yote. Sikutafuta, Mama. Nilikwenda kutafutiwa mchumba.

Nikamuuliza Elisha, "Hiyo kamba nani kaifunga?"

"Mimi. Hawa mabwana wanakula utumbo, na kwetu ni mwiko wa ukoo. Bila kamba mtu anachota kule, anakuja kukoroga huku, nami nalala njaa."

"Kila mwenye mwiko huo anafunga kamba?"

Akacheka. "Hapana. Hiyo ni ya nyumbani kwetu tu, alianzisha mama yake babu. Yeye alitoka ukoo mwingine, aliolewa kwetu huku akipenda utumbo kuliko mumewe. Wakaelewana: chungu kikubwa cha watoto na wenye nyumba, hakiingii utumbo. Chake yeye na wageni ni kile kidogo, na kamba juu yake watu wajue. Huku nimegeuza, kwa sababu mwenye mwiko nimebaki mmoja. Mbona unauliza hivyo, dada?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya chungu chako pale pale jikoni, nimeshika upawa. Alipouliza mama yangu ni wa ukoo gani, nikasema amelelewa kwa baba wa mama yake, baba yake hajulikani. Elisha akazima jiko. Akaniuliza kijiji, nikamtajia. Akaniuliza kama yule babu aliyemlea mama yangu alikuwa katekista. Mimi nilikuwa sijalitaja neno katekista hata mara moja.

Tukabaki tunatazamana. Njeri akaingia na sahani, akatuona, akapiga makofi. "Woi, hii mambo imeiva mapema!" Tulipomweleza kwamba kwa akina Elisha husimuliwa mtoto wa ukoo wao aliyebaki kwa katekista, akakaa juu ya ndoo ya mchele. "Ngai. Mimi nimetafutia mtu bwana, kumbe nimemletea kaka yake."

Tulicheka wote, Mama, hata mimi, ingawa nilikuwa na kidonda kidogo cha ile blauzi. Huyu ndiye mwanamume wa kwanza niliyempenda bila kujilazimisha tangu nije huku. Sasa namwita kaka, naye ananiita dada, na moyo unajifunza taratibu.

Elisha akaniambia yupo shangazi mmoja mzee aliyebaki, Shangazi Yudita, dada wa babu yake, na kwamba akitaka anaweza kumpigia hata sasa hivi. Nikamwambia hapana. Nikarudi nyumbani, nikakaa na neno lako siku nyingi. Kazi iliniharibikia. Nilimfungia mteja robota zima la blauzi za saizi za watoto na nikagundua liko tayari kwa msafirishaji pale Tianxiu, nimesimama kama mwizi nikiomba walifungue. Nilikuwa najiuliza nina haki gani ya kuingia pale ulipofunga mlango. Kisha Deusi akanipigia, akasema ndugu wameshachanga saruji na vigae vya kujengea kaburi la Bibi, mafundi wamepatikana, na wewe umetoa mchango wako lakini umekataa kukanyaga. Ulisema, "Nilikaa pembeni yake akiwa hai, nitakaa pembeni hivyo hivyo." Mama, neno hilo lilinichoma. Nikampigia Elisha nikamwambia, mpigie Shangazi.

Huku ilikuwa mchana, kwenu asubuhi. Shangazi Yudita alikuwa jikoni kwake, simu ameshikiwa na mjukuu, ikionyesha zaidi dari kuliko uso. Ni mzee, sikio moja halisikii, lakini akili yake inakata. Elisha akamweleza kwa Kihaya, polepole. Yule mama akamnyang'anya mjukuu simu. Kisha akasema, "Niwekeeni huyo mtoto nimwone." Akanitazama. Akaomba picha yako, nikamwonyesha ile ya harusi ya Deusi uliyovaa kitenge cha bluu. Akaanza kulia, akasema, "Anaishi? Jamani, anaishi?"

Haya ndiyo aliyonisimulia. Nayaandika kama alivyoyasema, sijaongeza.

Baba yako aliitwa Zakaria. Alikuwa kaka mkubwa wa Shangazi Yudita, fundi cherehani, alishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi pale njia panda. Kumbe hii kazi ya nguo nimeirithi. Yeye na Bibi walipendana, na alituma washenga nyumbani kwa katekista. Walifukuzwa kabla ya kukaa, kwa sababu ukoo ule ulikuwa wa Kilutheri, na katekista wa Kikatoliki hawezi kuonekana anamtoa binti yake huko. Mimba ilipoonekana, baba wa Bibi aliapa kwamba jina la Zakaria likitajwa ndani ya nyumba yake, Bibi na mtoto watalala nje. Bibi hakuwa na pengine pa kwenda.

Wewe ulipokuwa umeanza kukaa, mchana mmoja katekista akiwa amesafiri kufundisha, Bibi alivuka kilima kwenda nyumbani kwa akina Zakaria, wewe mgongoni. Zakaria hakuwepo. Shangazi Yudita alikuwa binti mdogo, anachambua maharage, aliona yote. Anasema watu wa pale walishtuka, walidhani amekuja kudai. Mama wa Zakaria alimkaribisha kiti, akakataa. Alisimama mlangoni mwa jikoni, hakuingia, akauliza swali moja tu.

Aliuliza, "Mtoto wenu hali nini?"

Mama, nilimwomba Shangazi arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Hakuomba jina, hakuomba matunzo, hakuomba ndoa. Alitaka kujua ni kitu gani mtoto wa ukoo ule hatakiwi kula, asije akakulisha yeye kwa kutokujua.

Mama wa Zakaria alilia, na Shangazi anasema hakuwahi kumwona mama yake akilia kabla ya siku ile. Alimwambia ni utumbo. Bibi akasema kwao utumbo unapikwa kila sikukuu, afanyeje? Ndipo yule mama akachukua chungu chake mwenyewe, kile kidogo, akamwonyesha kamba inavyofungwa, akampa aende nacho. Akambeba mtoto kidogo, akamrudisha mgongoni kwa mama yake. Bibi akawaomba wasije kamwe, wasikutafute, ili baba yake asimfukuze. Wakaapa.

Zakaria alikuja kuambiwa jioni. Alishona gauni dogo la njano, na Shangazi ndiye aliyetumwa kulipeleka, limefichwa ndani ya mzigo wa kuni. Sijui kama unakumbuka gauni lolote la njano. Baadaye alikwenda kufanya kazi Uganda, akaugua huko, hakurudi. Hakuacha mtoto mwingine. Wewe ndiwe peke yako.

Tuliagana na Shangazi. Nilimrudishia Elisha simu. Nilitoka nikatembea Dengfeng kutoka mwanzo hadi mwisho, katikati ya watu wanaoita wateja kwa lugha zote, nalia kama mtoto, na muuza laini za simu mmoja Mkongo akaniuliza, "Mama, pole, ni nani alikufa?" Nikamwambia hakuna, kuna aliyezaliwa. Akanitazama akaona nimechanganyikiwa.

Bibi alikuwa binti wa katekista. Mambo ya mwiko nyumbani kwao yaliitwa ya kipagani. Angeweza kukulisha utumbo kama wengine, na hakuna ambaye angejua. Kila alipokufungia ile kamba alikuwa anakuitia baba yako mbele ya watu wote, kwa njia pekee ambayo baba yake hakuielewa. Lile kofi alilokupiga, Mama, alikupiga kwa kuogopa. Shangazi anasema waliamini mtoto akivunja mwiko ule ngozi inababuka na meno yanang'oka. Alikuwa anakuosha mdomo ili usiumwe.

Sisemi hakukukosea. Hata mimi nimemkasirikia. Katekista alipokufa ulikuwa umeshaolewa, angeweza kukuita siku moja akakwambia. Nilimuuliza Shangazi kwa nini hakusema, akajibu hajui. Labda alishazoea kunyamaza. Labda alisubiri umuulize na wewe ukasubiri akwambie, maana nyie wawili mnafanana kwa ukaidi, usibishe. Kosa hilo ni lake na lipo. Lakini la kukuonea aibu, hapana. Hilo ninakuapia.

Umeniambia nisikutafutie mtu ambaye hakukutafuta. Nimekuletea watu walioapishwa wasikutafute, wakakaa na kiapo chao mpaka nywele zikawa nyeupe. Ukitaka nikomee hapa, nitakoma, na Elisha atabaki kuwa rafiki wa huku. Ila nakuomba jambo moja, mimi mwanao. Nenda kwenye kaburi la Bibi mafundi wakianza. Usikae pembeni. Mwambie Deusi akuwekee kiti pale pale mbele, na kama una la kumgombeza, mgombeze ukiwa karibu naye.

Mzigo mdogo aliobeba Happy ni wako. Kuna sweta, dawa ya kuchua goti, na soksi nene ambazo usimpe mtu. Ndani ya mfuko wa sweta utakuta kipande cha kamba nyekundu. Ni cha Elisha, kaniomba nikitie, akasema utaelewa.

Nisalimie kaka Deusi, na wifi, umwambie gauni lake la ubatizo limepatikana ila wameishiwa rangi aliyoitaka. Nisalimie mwanao wa mwisho, huyo Bahati wa chuo asiyejibu simu. Msalimie Mama Jasinta, na akikuuliza barua inasemaje mwambie inasema nakula vizuri. Mjomba Kristofa naye msalimie, yule binamu yako aliyekipa chungu lile jina. Mwambie sina kinyongo, lakini nikija ataniandalia kuku.

Nilipokuwa naaga nilimuuliza Shangazi Yudita kama ana neno la kukuletea. Alifikiri, akasema utakapokuwa tayari uje siku yoyote, usibebe kitu. Atakuwa amepika ndizi. Nami nikamwambia kwa utani, Shangazi, usisahau kumfungia kamba chungu chake. Yule mzee akakasirika kweli. "Kamba ya nini? Mwambie huku kwetu chungu kidogo ni cha wageni. Chake ni kile kikubwa."

Mimi binti yako akupendaye,

Koku